Jinsi ya kuomba kurudishiwa michango iliyozidi kwenye HSA, na kodi yake

Ukiwa Marekani na una ajira mbili, au umehama kazi katikati ya mwaka, ni rahisi sana kuzidisha michango kwenye akaunti ya akiba ya afya, yaani HSA, ambayo pesa zake za matibabu hazitozwi kodi. Mwajiri wa kwanza anakukata kwenye mshahara, wa pili naye anakukata, na hakuna anayejua mwenzake ameweka kiasi gani. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haiangalii mwajiri mmoja mmoja, inamwangalia mtu. Kwa mwaka 2025 kikomo ni dola 4,300 kwa mwenye bima ya mtu mmoja na dola 8,550 kwa mwenye bima ya familia. Kwa 2026 ni 4,400 na 8,750. Aliyefikisha miaka 55 anaongezewa 1,000. Na ile pesa ambayo mwajiri amekuchangia bila kugusa mshahara wako imo ndani ya kikomo hicho hicho; wengi huisahau.

Kuzidisha si uhalifu, lakini kuna gharama: kodi ya asilimia 6 ya kile kilichozidi, inayotozwa kila mwaka kwa muda wote pesa hiyo itakapoendelea kukaa humo. Kuikwepa kihalali ni kuiondoa kwa wakati na kwa utaratibu wake.

Anza na hesabu

Chukua W-2 zako zote, yaani taarifa za mshahara na kodi za mwaka kutoka kwa kila mwajiri, uangalie kisanduku cha 12, penye herufi W. Kiasi kilichoandikwa hapo ni mchango wa mwajiri pamoja na ulichokatwa wewe kabla ya kodi. Jumlisha za waajiri wote, kisha ongeza chochote ulichoweka mwenyewe kutoka benki kwa ajili ya mwaka huo.

Kama bima inayoruhusu HSA (ile ambayo unalipa sehemu kubwa mwenyewe kabla haijaanza kulipa) hukuwa nayo mwaka mzima, kikomo chako kinapungua. Kigawe kwa 12, kisha zidisha kwa miezi uliyostahili. Mwenye bima ya mtu mmoja kwa miezi 6 ya 2025 anaruhusiwa dola 2,150 tu. Upo msamaha kwa aliyekuwa na bima hiyo tarehe 1 Desemba: anaweza kuhesabiwa mwaka mzima, kwa sharti kwamba abaki anastahili hadi mwisho wa Desemba inayofuata. Kwa wazee wetu wanaoendelea na kazi baada ya miaka 65, kuweni macho: Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, inaweza kurudishwa nyuma hadi miezi 6, na miezi hiyo yote mchango unakuwa haukustahili.

Kuomba: usichomoe kwa kadi

Hapa ndipo watu huharibu. Mtu akiona amezidisha dola 600, anazihamishia kwenye akaunti yake ya benki kupitia programu ya simu na kudhani ameshamaliza. Kwa kampuni inayotunza akaunti, huo ni utoaji wa kawaida. Usipokuwa wa matibabu, unatozwa kodi ya mapato pamoja na asilimia 20 ya kiasi ulichotoa, na ile ziada bado inahesabika kuwa imo.

Ingia kwenye tovuti ya kampuni inayotunza HSA yako au wapigie simu, uombe fomu ya kuondoa michango iliyozidi. Kwa Kiingereza tafuta maneno “excess contribution”. Jaza mwaka ambao mchango ulihesabiwa, si mwaka unaojaza fomu. Andika kiasi cha ziada peke yake, faida usiiongeze. Kampuni ndiyo itakayopiga hesabu ya faida na kuitoa pamoja na ziada, maana sheria inataka vitoke vyote viwili. Hifadhi nakala.

Tuseme una bima ya mtu mmoja, na mwaka 2025 mwajiri wa kwanza alikuwekea 2,800 na wa pili 2,100, zote kwa njia ya mshahara. Jumla ni 4,900, umezidi kwa 600. Unaamua kuzitoa kwenye akaunti ya pili, iliyoanza bila kitu, ikapokea 2,100 na sasa ina 2,163. Imekua kwa asilimia 3, kwa hiyo faida ya 600 ni dola 18. Utatumiwa 618.

Kodi inagawanyika miaka miwili

Zile 600 hazikutozwa kodi ya mapato zilipokatwa kwenye mshahara. Kwa hiyo ziandike kama mapato mengine kwenye ritani ya 2025, mwaka wa mchango. Kama ungekuwa umeziweka mwenyewe kutoka benki, usingeziandika kama mapato. Usingedai tu punguzo la kodi juu yake. Zile 18 zinafuata mwaka ulioziondoa: ukitoa Machi 2026, zinaingia kwenye ritani ya 2026. Asilimia 6 hailipwi, na asilimia 20 pia hailipwi.

Siku ya mwisho ni siku ya ritani yako, kwa kawaida tarehe 15 Aprili, pamoja na nyongeza ya muda kama uliiomba. Aliyewasilisha kwa wakati bila kuondoa ziada bado ana miezi 6 kuanzia siku ya ritani, bila kuhesabu nyongeza. Aondoe, kisha apeleke ritani ya marekebisho, fomu 1040-X, yenye maneno haya juu kabisa: “Filed pursuant to section 301.9100-2”. Yanakiliwe hivyo hivyo kwa Kiingereza.

Kuna njia nyingine, na kwa ziada ndogo mimi naiona haina ubaya. Acha pesa humo, jaza fomu 5329, ya kodi hiyo ya ziada, ulipe asilimia 6 mara moja, ambayo kwa 600 ni dola 36, kisha mwaka unaofuata uchangie pungufu. Kwa kikomo cha 4,400 cha 2026, usivuke 3,800. Ila hakikisha waajiri wote wawili wamebadilisha makato, la sivyo utarudi hapa hapa mwakani.

Wakazi wa California na New Jersey wasifuate maelezo haya kwa kodi ya jimbo. Majimbo hayo hayaitambui HSA.

Januari ya mwaka baada ya kutoa, kampuni itakuletea fomu 1099-SA, inayoonyesha pesa zilizotoka kwenye HSA. Kisanduku cha 1 kiwe na 618, cha 2 kiwe na 18, na cha 3 kiwe na namba 2. Kwenye fomu 8889, ile ya HSA inayoambatana na ritani, andika 618 mstari wa 14a, urudie 618 mstari wa 14b, na zile 18 zipeleke kwenye mapato mengine. Ukikuta kisanduku cha 3 kina namba 1, wameirekodi kama utoaji wa kawaida. Wapigie, wape nakala ya fomu uliyojaza na uwadai iliyosahihishwa kabla hujawasilisha ritani.