Jinsi ya kuomba cheti cha babu aliyekuwa mchuuzi wa vyungu Uingereza

Familia zilizozunguka England ya karne ya 19 zikiuza vyungu, mabakuli na sahani za udongo zimeacha karatasi nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila zimetawanyika kila walikopita. Anayeanza kwa kuuliza "walikuwa wa mji gani?" hukata tamaa mapema. Kwa watu hawa, fuata jina la mama, achana na mahali.

Kabla ya kuomba chochote, pitia sensa. Kuanzia ile ya 1851, kwa kawaida kila mtu ameandikwa uhusiano wake na mkuu wa kaya na parokia aliyozaliwa. Waliolala kwenye mahema, mabanda na magari ya farasi mara nyingi wamewekwa mwishoni mwa orodha ya eneo, baada ya nyumba zote, kwa hiyo fungua kurasa hizo uzisome mwenyewe. Utawajua kwa safu ya mahali pa kuzaliwa, kila mtu na kaunti yake: baba Yorkshire, mama Durham, mtoto wa kwanza Lancashire, wa pili Westmorland, wa tatu "N.K.", yaani hapajulikani. Nakili safu hiyo jinsi ilivyo. Ndiyo njia waliyopita.

Safu ya kazi isome kwa tahadhari. "Potter" (mfinyanzi) wa Stoke-on-Trent, mji wa viwanda vya vyombo vya udongo, yaelekea ni mtu wa kiwandani. "Potter" wa Westmorland au Cumberland mara nyingi ni msafiri mwenye farasi na mkokoteni, anayenunua vyombo na kuvitembeza vijijini, na pengine hajawahi kufinyanga hata kikombe. Mpakani na Scotland walimwita "mugger", yaani mwuza vyombo vya udongo. Kwingine karani aliandika "hawker", mchuuzi, tu.

Sasa ombi lenyewe. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo vya England na Wales, tangu 1 Julai 1837, hutolewa na Ofisi Kuu ya Usajili, GRO. Scotland ilianza usajili 1855 na ina ofisi yake, kwa hiyo ombi la huko usilipeleke hapa.

Fungua akaunti kwenye tovuti ya GRO, kisha ingia kwenye faharasa ya vizazi. Jaza jina la ukoo, jinsia na mwaka, na uruhusu miaka miwili mbele na nyuma. Sehemu ya wilaya iache wazi. Mtoto alisajiliwa pale alipozaliwa, na watoto sita wa tumbo moja wanaweza kukutwa katika wilaya sita. Kinachowaunganisha ni jina la ukoo alilokuwa nalo mama kabla ya kuolewa, na faharasa ya GRO inalo tangu 1837, wakati zile za zamani huanza kulitaja 1911. Ukilijaza, ndugu hujitokeza mmoja baada ya mwingine. Likikosekana na pakawekwa kistari, kwa kawaida mama hakuwa na ndoa inayotambuliwa kisheria, na mtoto yumo kwa jina la ukoo la mama. Ruhusu pia majina yanayofanana kwa matamshi: karani aliandika alichosikia, na aliyekuwa mbele yake huenda hakujua kusoma ili amsahihishe.

Ukimpata, nakili mwaka, robo ya mwaka, wilaya, juzuu na ukurasa. Robo hiyo ni ya usajili, si ya kuzaliwa. Wazazi walikuwa na siku 42, kwa hiyo mtoto wa Desemba huweza kuwa kwenye robo ya mwaka unaofuata. Kisha chagua aina ya nakala. Kwa bei zilizoanza 2024, picha ya kidijitali ni pauni 3, PDF pauni 8, na cheti cha karatasi pauni 12.50. Kwa utafiti chukua picha kama ipo. Cheti cha karatasi kina maana pale tu ofisi nyingine inapodai uthibitisho.

Ndoa hazimo kwenye faharasa hiyo ya mtandaoni. Zitafute kwenye FreeBMD, tovuti ya faharasa ambayo ni bure, halafu urudi GRO na marejeo uliyopata. Cheti cha ndoa kina thamani yake: hutaja baba wa bwana harusi na wa bibi harusi, pamoja na kazi zao.

Usipompata mtoto kabisa, angalia mwaka. Kabla ya 1875 msajili ndiye aliyetakiwa kutafuta habari za vizazi, na familia iliyong'oa hema alfajiri ilimponyoka kirahisi. Hapo nenda kwenye vitabu vya ubatizo vya Kanisa la England, ambavyo tangu 1813 vina safu ya kazi ya baba.

Kisha iandikie ofisi ya nyaraka ya kila kaunti uliyonakili kwenye sensa. Taja jina, namna zote lilivyoweza kuandikwa, parokia na miaka, na uulize ada ya utafutaji kabla hawajaanza. Ikiwa unatafuta miaka ya mwanzo ya karne ile, omba mahojiano ya makazi ("settlement examinations"). Kwa sheria ya 1662, parokia isiyotaka kumlisha maskini wa kuja ilimpeleka mbele ya mahakimu aeleze kwa kiapo alizaliwa wapi, alifanya kazi kwa nani, ameoa lini na ana watoto wangapi. Mchuuzi aliyeugua njiani anaweza kuwa amesimulia maisha yake yote kwenye karatasi moja. Kwa waliotembea kwa miguu baada ya Sheria ya Wachuuzi ya 1871, uliza kama daftari la vyeti vya uchuuzi vilivyotolewa na polisi limesalia: mwombaji alitakiwa awe ameishi katika eneo hilo la polisi mwezi mzima, na hiyo itakupa walau sehemu moja walikotua.