Kadi inakatwa kila mwezi na hujui nani anakata

Mama mdogo alinipigia Jumapili: benki imemkata tena 13,000 na kitu, mwezi wa tano mfululizo. "Na hiyo programu ya picha nilishaifuta!" Nikamwambia ni kazi ya dakika kumi. Ikala jioni nzima.

1. Soma jina la anayekata. SMS ya benki haitoshi, fungua taarifa ya akaunti. GOOGLE * ikifuatiwa na jina kwa kawaida ni Play Store. APPLE.COM/BILL ni iPhone. Jina usilolijua kabisa, nenda hatua ya 4 sasa hivi.

2. Ghairi usajili. Kufuta programu hakusimamishi makato, maana usajili unakaa kwenye akaunti yako, si kwenye simu. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia kwenye malipo na usajili.

Kwa mama mdogo palikuwa patupu. Tukazima simu, tukawasha, tukasasisha Play Store, tukapiga benki na kusikiliza muziki wao. Saa tatu nzima! Kumbe simu ile aliianzisha mwanawe kwa Gmail yake ya shule, na Play Store inaonyesha usajili wa akaunti moja tu kwa wakati. Gusa ile picha, hamia akaunti nyingine, tazama tena. Kama una Gmail tatu, kagua zote tatu. Kama nyingine haimo tena kwenye simu, muulize kila aliyewahi kukusaidia "kuweka mambo ya simu". Njia ya mkato niliyoijua nimechelewa: tafuta GPA ndani ya kila Gmail. Namba za oda za Play huanza hivyo, na risiti ilipo ndipo usajili ulipo.

Ukishaghairi, programu itaendelea kufanya kazi hadi siku ulizolipia ziishe. Usishtuke. Majaribio ya bure yaghairi mapema. Apple wanataka walau saa 24 kabla hayajaisha.

Utaambiwa ubadilishe kadi tu yaishe. Mimi siwashauri watu hivyo. Visa na Mastercard zina huduma ya kuwapelekea wauzaji namba mpya benki inapokubadilishia kadi, kwa hiyo makato yanaweza kukufuata huko huko.

3. Dai hela. Kwa Google, ndani ya saa 48 tangu ukatwe omba kwao. Zikipita, waandikie wenye programu.

4. Kama ni wizi. Funga kadi kwanza, maswali baadaye. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, kamwe si iliyokuja kwa SMS, na uombe fomu ya kupinga muamala. Namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu usimsomee mtu, hata akijiita meneja. SMS ya kitapeli itume 15040, namba ya kuripoti utapeli hapa Tanzania.

5. Tenga kadi ya mtandaoni. Kadi ya mshahara wangu haijawahi kuandikwa kwenye tovuti yoyote. Natumia kadi ya Visa ya M-Pesa, naweka hela ya kitu ninachonunua siku hiyo, basi. Anayetaka kukata mwezi ujao atakuta sifuri.

Hela za miezi mitano hazikurudi. Mwanawe alipobanwa, alisema alikuwa anasafisha picha za sendoff ya dada yake.