Nani aliuweka pale? Kulinganisha wachezaji wa pool kwa daftari na kalamu

Mimi huandika alama kwenye meza ya pool. Kucheza nacheza, lakini si mchezo wa kumwita mtu aje kutazama. Vifaa vyangu ni daftari la miraba, kalamu mbili za risasi, na kiti kilichowekwa mahali ambapo mgongo wa mchezaji haunizibi.

Nilipoanza niliandika kitu kimoja tu: ameingiza au amekosa. Mwisho wa mwezi nikajumlisha, nikagawa, nikatangaza. Nilikuwa nawafuatilia wawili, nitawaita Mrefu na Kimya. Kwa namba zilizorahisishwa, kati ya mapigo 100 Kimya aliingiza 80 na Mrefu 68. Nikasema Kimya ndiye mkali. Mrefu akalalamika kwamba mapigo yake na ya mwenzake si ya aina moja. Nikayachukua kama maneno ya mtu aliyefungwa, ila usiku nilipofunga daftari nikaona hakuna mahali popote niliposhika aina ya pigo. Basi anza hapo nilipopaswa kuanza mimi: andika ugumu.

Pigo lina safari mbili. Ya kwanza ni ya mpira mweupe kwenda kwenye mpira unaolengwa, ya pili ni ya huo unaolengwa kwenda shimoni. Kosa la safari ya kwanza halijumlishwi na la pili, linazidishwa. Chukua meza ya futi 9, ambayo eneo lake la kuchezea ni sentimita 254 kwa 127. Mpira wa pool una kipenyo cha milimita 57.15, na mdomo wa shimo la kona la mashindano una kama milimita 114, karibu mipira miwili ubavu kwa ubavu. Inaonekana nafasi ya kutosha. Sasa weka mpira mita moja kutoka shimoni na mweupe mita moja nyuma yake, vyote kwenye mstari mmoja. Ukipiga hesabu ya pembe, mweupe una ruhusa ya kupotoka takriban sehemu moja ya kumi ya digrii, kulia au kushoto. Punguza kila safari iwe nusu mita, na ruhusa hiyo inaongezeka kama mara nne. Si mara mbili.

Kwa hiyo nazidisha. Kingo za meza ya pool zina vidoti, na kwenye meza ya futi 9 kutoka kidoti hadi kidoti ni karibu sentimita 32. Nakadiria kwa jicho safari ya kwanza ni nafasi ngapi za kidoti hadi kidoti, na ya pili ngapi. Nafasi 3 kwa nafasi 4 ni 12. Kisha mkato: mweupe utakapogonga, utafunika kiasi gani cha mpira unaolengwa? Ukifunika nusu au zaidi, acha namba ilivyo. Ukifunika robo, zidisha kwa 1.5. Ukifunika thumuni, zidisha kwa 2. Vizidishi hivyo vinatoka kwenye kosaini ya pembe, ila aliyekaa kwenye kiti hana muda wa kosaini, na thumuni ya mpira kila jicho linaiona. Meza ikiwa ndogo, vidoti vyake vimesogeleana, kwa hiyo usichanganye kurasa za meza mbili bila kurudisha kwanza kwenye sentimita.

Mweupe ukiwa umegandamana na ukingo, au mchezaji akilazimika kuinua fimbo juu ya mpira mwingine, naweka nyota pembeni na kuendelea. Nilijaribu kuipa nyota thamani ya namba, nikaacha. Ilikuwa ni kubuni tu.

Kanuni ambayo siivunji ni kuandika ugumu kabla fimbo haijagusa mweupe. Pigo likishaingia huonekana lilikuwa jepesi tangu mwanzo, na likikosa kila mtu anakumbuka lilikuwa gumu. Nimejikamata mara kadhaa nikitafuta kifutio.

Sasa gawa mafungu. Mimi nina matatu: chini ya 4, kati ya 4 na 12, na juu ya 12. Kwa mfano huu tuyafanye mawili, mepesi na magumu. Nilipowarudia Mrefu na Kimya nikakuta hivi. Kimya alipiga mepesi 80 akaingiza 72, na magumu 20 akaingiza 8. Mrefu alipiga mepesi 40 akaingiza 38, na magumu 60 akaingiza 30. Yaani kwenye mepesi Mrefu ana asilimia 95 na Kimya 90. Kwenye magumu Mrefu 50, Kimya 40. Mrefu anamzidi kwenye kila fungu, na bado jumla inasema 68 kwa 80. Jumla ilikuwa inapima nani alipata kazi rahisi.

Nikatangaza tena, safari hii kwa kujiamini zaidi, kwamba Mrefu ndiye mkali. Kimya, ambaye siku nzima anaweza asiseme maneno kumi, akaniuliza: "Dada, hayo mapigo yangu mepesi, nani aliyaweka pale?"

Sikuwa na jibu. Mpira mweupe hausimami mahali pazuri kwa bahati yake. Anayeingiza kisha akajipangia pigo jepesi linalofuata amefanya kazi ngumu kwenye pigo lililotangulia, na mimi nilikuwa namwadhibu kwa hiyo kazi. Hapo ndipo daftari lilipopata safu mpya, na kama utachukua jambo moja tu kwangu, chukua hili: pigo la kwanza la kila zamu liandikie U, yaani urithi, kwa sababu meza hiyo umeachiwa na mpinzani. Mengine yote ya zamu hiyo andika M, ameyaweka mwenyewe. Wastani wa ugumu wa M zake unakuonyesha anavyouongoza mweupe. Wastani wa ugumu wa U za mpinzani wake unakuonyesha anavyojihami, yaani anavyomwachia mwenzake meza ngumu. Asilimia ya kuingiza, soma ndani ya kila fungu peke yake. Pigo la kuvunja, lile la kufungua mchezo, liwe na ukurasa wake, lisiingie popote kati ya haya.

Kwa macho hayohayo, zile namba zinazotembea midomoni mwa watu zinasomeka vizuri zaidi. Kipimo cha Accu-Stats, kampuni ya Pat Fleming ya kurekodi mechi za pool, kinachoitwa TPA, kinagawa mipira iliyoingizwa kwa jumla ya mipira hiyo pamoja na makosa: mipira 54 na makosa 6 ni 0.900, kiwango cha wachezaji wa dunia. Kinaheshimika kwa sababu makosa yake si kukosa shimo tu. Kuuweka mpira mweupe vibaya na kujihami ovyo pia yamo. Kimya angekipenda. FargoRate, mfumo wa kuwapa wachezaji wa pool alama za kiwango, haihesabu mapigo kabisa, inaangalia nani amemfunga nani michezo mingapi. Pengo la alama 100 maana yake aliye juu anatarajiwa kushinda michezo miwili kwa kila mmoja anaopoteza. Pengo la 30 ni kama michezo 55 katika 100, na katika mechi ya kutangulia kushinda michezo 7 huyo wa juu atashinda takriban mechi 64 katika 100. Kwa hiyo aliye chini kushinda mara moja moja si muujiza. Udhaifu wa namba hii ni kwamba inakuonyesha ulipo bila kukuonyesha unapovujia.

Snuka usiilinganishe na pool kwa asilimia tupu. Meza yake ni mita 3.57 kwa 1.78, mipira ni milimita 52.5, na midomo ya mashimo imeviringwa, hivyo mpira uliogusa kona unatemwa. Hata ndani ya snuka yenyewe angalia kigawanyo. Stephen Hendry alipostaafu mwaka 2012 alikuwa na "mapigo ya mia" 775, yaani zamu za kufikisha alama 100 au zaidi. Ronnie O'Sullivan alifikisha 1,000 mwezi Machi 2019. Kabla ya kubishana, tafuta kila mmoja alicheza fremu, yaani michezo, ngapi.

Rekodi ninayoipenda kubishania ni ya mfululizo wa kuingiza bila kukosa katika straight pool, ile pool ya mpira mmoja alama moja. Mwaka 1954 Willie Mosconi aliingiza 526 bila kukosa, kwenye meza ya futi 8. Mwaka 2019 John Schmidt akafikisha 626 kwenye meza ya futi 9, namba ambayo nayo imeshapitwa. Watu hutaja ukubwa wa meza wakafunga mjadala. Mosconi alikuwa kwenye mechi ya maonyesho, na mpinzani amekaa anasubiri. Schmidt alikuwa amejipangia majaribio mengi, siku baada ya siku, kwa lengo hilohilo. Majaribio nayo ni sehemu ya hesabu. Mimi Schmidt nampa meza, Mosconi nampa mazingira, na sijaona anayenilazimisha kuchagua.

Limebaki kosa langu la mwisho, lile lililonifanya nitangaze mara mbili na kukosea mara mbili. Asilimia 90 iliyotoka kwenye mapigo 100 inayumba kama 6 juu au chini, kwa hiyo 88 na 92 ni watu walewale mpaka uandike zaidi. Na Kimya, kwenye magumu, alikuwa na mapigo 20 tu. Ile 40 yake inaweza kuyumba zaidi ya 20 kila upande, kwa hiyo kumweka chini ya 50 ya Mrefu kulikuwa ni kubahatisha kwa kalamu.

Wakaniuliza basi nitajua lini. Nikawaambia kila mmoja aniletee mapigo magumu 400. Mrefu alimaliza zamani. Kimya yuko 130, kwa sababu hajiachii magumu.