Somo: Harusi iliyopigwa kwa simu, hadi DVD ya kuchezwa kwa nyanya

Hapa Bukavu bado naletewa kadi ya simu yenye video ya harusi nzima, na ombi ni lile lile: "Yaya, unigravie DVD (yaani uniandikie video kwenye diski), nyanya yuko Walungu." Nyanya ana televisheni ndogo, paneli ya jua na lekteri ya zamani, yaani mashine ya kuchezea DVD. Lekteri hiyo haiielewi MP4 ya simu. Inataka video ya MPEG-2 na sauti ya AC-3, vikiwa ndani ya folda ya VIDEO_TS. Ukigrava faili la simu kama lilivyo, diski itazunguka, itakwaruza kidogo, kisha kwenye kioo yatokee maneno kwamba haisomeki.

Hatua ya 1: hesabu

Usifungue programu yoyote kabla ya hesabu. Diski ya GB 4.7 ina baiti bilioni 4.7 (Windows itakuonyesha 4.38, diski haina kasoro). Zidisha kwa 8 (baiti moja ni biti 8), upate biti bilioni 37.6, kisha gawanya kwa sekunde za filamu. Harusi ya saa 2 ni sekunde 7,200, kwa hiyo unapata kilobiti 5,222 kwa sekunde. Toa 192 za sauti, toa tena 300 hivi za menyu na akiba: video inabaki na 4,700. Filamu ya dakika 90 inafika 6,400. Ya saa 3 inaangukia 3,000, na hapo watu wakianza kucheza ngoma picha inavunjika vipande vipande. Afadhali diski mbili.

Kanuni ya DVD inaruhusu video hadi 9,800. Mimi sipiti 8,000 hata filamu ikiwa fupi, na diski siijazi hadi mwisho. Nilijifunza kwa uchungu. Harusi moja ya Kadutu niliijaza mpaka baiti ya mwisho. Nyumbani kwa wenyewe, watu wamejaa sebuleni, ilicheza vizuri kanisani, ikacheza vizuri kwenye zawadi, halafu bibi harusi alipoinua kisu cha keki uso wake ukageuka miraba ya kijani na sauti ikakatika. Mama yake aliinuka akagusa kioo kwa kiganja, kana kwamba angeweza kumfuta ile miraba usoni. DVD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na ukingoni ndipo diski za bei ya chini zinapokuwa dhaifu zaidi. Keki hukatwa mwishoni mwa sherehe, kwa hiyo iliangukia ukingoni. Tangu siku ile naacha MB 200 au 300 tupu.

Hatua ya 2: PAL au NTSC

Hii ni mifumo miwili ya picha za televisheni. Wengi hubonyeza PAL kwa mazoea. Angalia kwanza video yenyewe. PAL ni picha 25 kwa sekunde, 720×576. NTSC ni 29.97, 720×480. Simu nyingi hupiga 30. Ukiisukuma 30 ndani ya 25, picha moja katika kila sita inatupwa, na kamera ikigeuka polepole utaona inashtukashtuka. Kwa video ya simu nachagua NTSC, maana lekteri nyingi za PAL zinaisoma. Ila jaribu kwenye televisheni ya mwenye diski: ile ya zamani yenye mgongo mkubwa inaweza kuonyesha picha isiyo na rangi. Ikiwa hivyo, rudi PAL.

Hatua ya 3: kugeuza

Natumia ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i harusi.mp4 -target ntsc-dvd -aspect 16:9 -b:v 4700k -b:a 192k harusi.mpg

Ile 4700k ni hesabu ya hatua ya 1. Kwa kamera ya picha 25 weka pal-dvd badala ya ntsc-dvd. Sauti itageuzwa yenyewe kuwa AC-3 ya 48 kHz.

Hatua ya 4: menyu, kisha kugrava

Ingiza faili la .mpg katika DVDStyler, programu ya kutengeneza menyu, chagua mfumo ule ule na 16:9, gawa filamu kwa sura (kanisa, zawadi, keki), kisha hifadhi kama ISO, faili moja lenye diski nzima, kwenye kompyuta. Usigrave moja kwa moja. Fungua ISO hiyo kwa VLC, uitazame mwanzo, katikati na mwisho. Ndipo uigrave kwa ImgBurn, kasi ya 4x, na uache programu ihakiki. Kwa 4x diski iliyojaa huchukua dakika 14 hivi. Umeme ukikatika dakika ya 10, diski hiyo ni ya kutupa, kwa hiyo betri ya kompyuta iwe imejaa kabla hujaanza. ISO inabaki salama, unaanza upya na diski nyingine tu.

Maswali ya washiriki

*Yaya, dada yangu alipiga simu ikiwa wima. Kwenye DVD watu wamekuwa wanene!*

Picha imenyooshwa ijaze kioo. Kwa PAL ya 16:9 ongeza kwenye amri: -vf scale=228:576,pad=720:576:246:0. Utapata weusi pande mbili, lakini sura za watu zitakuwa zao.

*Mwanzoni sauti inalingana na midomo, baada ya saa moja imepishana. Kwa nini?*

Simu hubadilisha idadi ya picha kadiri mwanga unavyopungua. Pitisha video kwanza kwenye programu ya HandBrake, chagua picha 30 kwa sekunde zisizobadilika, ubora RF 16, halafu rudi hatua ya 3.

*Mimi nina kaseti ya VHS ya ndoa ya papa na mama. Nikiiingiza kwenye kompyuta haina rangi.*

Huenda ni SECAM, mfumo uliotumika kwetu enzi za Zaire. Badilisha mfumo kwenye programu ya kunasa, kutoka PAL hadi SECAM. Mistari ile inayoonekana mtu akitembea usiiondoe, DVD inaikubali. Kwenye amri ya hatua ya 3 ongeza -flags +ildct+ilme na uchague pal-dvd. Na kaseti hiyo, mdogo wangu, usiichezeshe tena kwa kujaribu. Irudishe mwanzo mara moja, inase yote kwa mkupuo, kisha uiweke pakavu.

*Naweza kubandika karatasi yenye picha ya maharusi juu ya diski?*

Hapana. Karatasi hulemea upande mmoja na diski huyumba ikizunguka. Andika majina kwa kalamu ya ncha laini, picha uiweke kwenye kasha.