Kagua jina la kifurushi kabla ya kukisakinisha
Akili bandia ikikuandikia msimbo wa Python na kukuelekeza usakinishe kifurushi (msimbo uliotayarishwa na wengine) usichokifahamu, usinakili amri hiyo moja kwa moja. Fungua kwanza tovuti ya PyPI, ghala la vifurushi vya Python, utafute jina lile lile herufi kwa herufi, kisha utazame tarehe ya toleo la kwanza na kiungo cha hazina ya msimbo wake. Zana hizi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, hivyo huweza kubuni jina linalosikika sahihi ilhali halipo, na mwenye nia mbaya akawahi kulisajili. Hatari hii si ya kufikirika: mwaka 2024 mtafiti mmoja wa usalama wa kompyuta alieleza kwamba kifurushi kitupu alichokisajili kwa jina la kubuniwa la namna hiyo, huggingface-cli, kilipakuliwa zaidi ya mara 30,000 katika miezi mitatu. Kwa hiyo wingi wa vipakuliwa usikutulize. Ukaguzi huu hausaidii kifurushi kinapokuwa cha kweli lakini fanksheni iliyotajwa haimo. Hapo soma nyaraka zake rasmi. Vilevile kifurushi halali kilichotolewa juzi kitatia shaka bure, na wa kuchunguzwa ni anayekitunza.