Kihispania cha "nataka ule"

Mimi hutembeza wageni Mji wa Kale, Mombasa. Wahispania wakifika Fort Jesus huwaambia kwanza kwamba ngome ile, iliyoanza kujengwa 1593, iliamriwa na mfalme wao Felipe wa Pili, aliyekuwa akitawala Ureno pia. Hapo huchangamka. Lakini sentensi zangu zilikuwa mbovu mpaka nilipogundua kwamba umbo la kitenzi lililokuwa likinisumbua, wao huliita subjuntivo, sisi tunalo.

Kwetu "anasoma" hugeuka "asome": a ya mwisho inakuwa e. Wao nao hugeuza irabu, ila kwa kupishana. Chukua hablo, "naongea", ondoa o. Vitenzi vinavyoishia -ar, kama hablar, huvaa e, kwa mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao: hable, hables, hable, hablemos, habléis, hablen. Vya -er na -ir huvaa a, kama comer, "kula": coma, comas, coma, comamos, comáis, coman; subir, "kupanda", vivyo hivyo, suba, subas. Pagar, "kulipa", huandikwa pague, g isije ikageuka sauti.

Litumike lini? Anayetaka akiwa mmoja na mtendaji mwengine. Quiero comer, nataka kula. Quiero que comas, nataka ule. Kama kwetu kabisa, wallahi!

Mtego uko kwenye shaka. Sisi husema "sidhani kama anaongea", wao no creo que hable. Na "ukifika" ya baadaye ni cuando llegues. Mimi nilisema cuando llegas pale Marikiti, bibi mmoja akacheka mpaka akaweka kikapu chini.

Ojalá, yenye asili ya Kiarabu kama inshallah yetu, nayo hudai umbo hilihili: ojalá coman biriani, inshallah wale biriani.