Namna ya Kupima Haki ya Adhabu za Utovu wa Nidhamu Katika Tenisi

Kabla ya kusema kwamba mchezaji ameonewa au amependelewa, hesabu kwanza makosa aliyokwisha kuyafanya katika mechi hiyo. Katika tenisi ya kulipwa adhabu hupanda kwa ngazi: kosa la kwanza la nidhamu huleta onyo, la pili humgharimu pointi, la tatu humgharimu gemu nzima, na kuanzia hapo wasimamizi wana mamlaka ya kumwondoa mchezoni. Kosa zito sana linaweza kumwondoa papo hapo bila kupitia ngazi hizo. Kuchelewa kuanzisha mpira kuna hesabu yake tofauti, usikuchanganye na haya.

Hesabu hii husahaulika kila inapozungumzwa fainali ya US Open ya mwaka 2018 kati ya Serena Williams na Naomi Osaka. Mwamuzi Carlos Ramos alimwonya Williams kwa kupokea maelekezo ya kocha kutoka jukwaani, akamnyang'anya pointi alipovunja raketi, kisha, alipoitwa mwizi, akampa Osaka gemu nzima, na seti ya pili ikasogea kutoka 4-3 hadi 5-3. Anayeuliza kama neno moja linastahili gemu nzima anakosea mahali pa kuuliza, kwa sababu gemu hiyo ilitokana na makosa matatu kwa pamoja. Swali lenye uzito liko kwenye onyo la kwanza. Kocha wake, Patrick Mouratoglou, alikiri kwamba alimpa ishara, lakini akasema kwamba makocha wote hufanya hivyo. Na mwaka 2022 ATP, chama kinachosimamia tenisi ya kulipwa ya wanaume, ilianza kuruhusu maelekezo hayo kwa majaribio. Sheria inayovunjwa na wengi na kuadhibiwa kwa nadra ni msingi dhaifu wa kujengea adhabu zinazofuata, hata kama mwamuzi aliyeitumia hakukosea neno hata moja la kanuni. Kwa hiyo, kila unapochunguza tukio, rudi hadi kosa la kwanza na uulize kama wengine huadhibiwa kwa kosa hilohilo.

Hatua inayofuata ni kutenganisha kitendo na madhara yake, na hapa ndipo penye uchungu mwingi. Mwaka 2020, katika raundi ya nne ya US Open, Novak Djokovic alipoteza gemu aliyokuwa akianzisha, akapiga mpira nyuma yake bila kuangalia, ukampata mwamuzi wa mstari kooni. Hakukusudia kumwumiza, lakini aliondolewa, nami naona ni sawa, kwa maana waamuzi wa mstari wako kazini na hawana cha kujikinga nacho. Sasa linganisha na French Open ya mwaka 2023. Miyu Kato wa Japani, akicheza mechi ya wawili wawili pamoja na Aldila Sutjiadi, alipeleka mpira upande wa pili kati ya pointi moja na nyingine, ukampata msichana anayeokota mipira. Mwamuzi alitoa onyo tu mwanzoni. Wapinzani wakalalamika kwamba mtoto analia, wasimamizi wakaingia uwanjani, na onyo likageuka kuwa kuondolewa, pamoja na kupoteza fedha na pointi za viwango alizokuwa amezipata katika mashindano hayo ya wawili wawili. Siku chache baadaye Kato alitwaa hapohapo ubingwa wa mseto, yaani wa wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Jiulize: kama mpira huo ungempita msichana yule, nani angeukumbuka? Jibu likiwa hakuna, basi kilichoadhibiwa ni bahati mbaya, na adhabu ya kiwango cha juu haikustahili.

Kisha chunguza ushahidi. Mwaka 2024 mjini Dubai, Andrey Rublev aliondolewa katika nusu fainali, seti ya tatu ikiwa 6-5 kwa mpinzani wake, kwa madai kwamba alimtukana mwamuzi wa mstari kwa Kirusi. Alikana. Alipokata rufaa, ATP ilimrudishia pointi na fedha za mashindano, lakini mechi haikuweza kurudiwa. Adhabu isiyoweza kufutwa inahitaji uhakika kabla ya kutolewa, na picha za marudio zingesaidia sana pale inapowezekana.

Mwisho, pima faini dhidi ya mfuko wa anayelipa. Williams alitozwa dola 17,000 katika mashindano yaliyompa dola 1,850,000 kama mshindi wa pili, yaani chini ya asilimia 1. Kiasi hichohicho kingemwelemea mchezaji anayetolewa raundi za mwanzo na ambaye hulipa nauli na kocha wake mwenyewe. Alexander Zverev, aliyepiga kiti cha mwamuzi kwa raketi mara kadhaa mjini Acapulco mwaka 2022, aliondolewa katika mashindano hayo na kutozwa dola 40,000 juu ya fedha alizonyang'anywa. Lakini kifungo cha kutocheza wiki 8 alichopewa baadaye kilikuwa cha masharti, kwa hiyo aliendelea kucheza. Ukiiweka hasira ile karibu na mpira wa Kato, utaona kwamba ngazi ya adhabu za uwanjani inatetewa kwa urahisi kuliko faini, ambazo kwa maoni yangu zingepaswa kukatwa kwa asilimia ya kipato cha mchezaji.